Sehemu ya Nne ya Waazimaji

Harufu ya mafuta ya taa kwenye sweta la sufu lililolowa hunifurahisha kuliko marashi yoyote niliyowahi kununua. Wiki mbili zilizopita nilikuwa nimesimama dukani hapa Soweto, Moshi mjini, ninapoishi sasa, nikisubiri chenji yangu, akapita nyuma yangu kijana mpagazi aliyeshuka mlimani siku hiyohiyo, begi mgongoni, tope hadi magotini. Ile harufu ikaniingia. Nikasahau na chenji yenyewe. Ghafla nilikuwa na miaka kumi tena, nimesimama uani kwetu Marangu, namsubiri baba.

Kama ningeishia hapo ningerudi nyumbani na kumbukumbu tamu tu. Lakini nilipofika nikamkuta mwanangu Brayani na wenzake wawili wamebanana kwenye kochi na simu moja, wanabishana hadi mishipa ya shingo imewatoka. Filamu ya saba ya Waazimaji ilikuwa inaandaliwa, na mashabiki walikuwa wanashindana mtandaoni kutoa mawazo iweje. Mmoja alitaka Waazimaji wajifiche ndani ya simu. Mwingine alitaka watue Dar es Salaam halafu wakwame kwenye foleni hadi jua liwaue.

"Mama, na wewe toa wazo," Brayani akaniambia. "Si uliziona zile za zamani?"

"Niliziona."

"Sasa? Ingekuwa wewe ungeifanyaje?"

Nikaenda jikoni kuangalia wali ambao haukuwa na haja ya kuangaliwa. Mwanamke mzima mwenye mtoto wa sekondari, nakimbizwa na filamu. Naomba unisikilize kabla hujacheka.

Jina la Kizungu la filamu ile hatukuweza kulitamka. Waazimaji ni jina alilowapa mtafsiri, yule jamaa tusiyewahi kumwona ambaye sauti yake ilikuwa juu ya filamu zote zilizoletwa kwenye kibanda cha video cha Mangi, mwenye duka letu. Viumbe wale walitoka kwenye nyota ya mbali, hawana sura, kwa hiyo waliazima za watu. Mwazimaji alichukua sura yako na sauti yako, akaingia nyumbani kwako, akala chakula chako na kuwapakata wanao, huku wewe mwenyewe umelala mahali fulani penye baridi na huamki tena. Mtafsiri alipenda mzaha. Aliwafanya Waazimaji waseme "shikamoo" kwa marais na majenerali, na kibanda kizima kilicheka. Mimi sikucheka hata mara moja. Nilikaa benchi la mbele, nimemshika Rozi mkono, na jasho lilinitoka ingawa Marangu ni baridi.

Rozi alikuwa rafiki yangu na jirani yetu. Kati ya kihamba chetu, shamba la migomba la nyumbani, na chao palikuwa na mfongo tu, ule mfereji wa maji unaoshuka kutoka msituni, tuliouruka mara ishirini kwa siku. Baba yangu na baba yake walikuwa wapagazi, na walipanda mlima pamoja siku zote. Baba Rozi alikuwa mtu wa kupiga mluzi. Ulimsikia akija kabla hujamwona, na alikuwa mtu mzima pekee aliyekubali kukaa chini kwenye majani makavu ya migomba atusikilize tukimsimulia filamu nzima kutoka mwanzo, na alishtuka kila mahali tulipotaka ashtuke.

Sehemu ya tatu iliishia vibaya sana. Chombo cha Waazimaji kilipigwa kikapasuka angani, na kipande kimoja kikaanguka kwenye mlima wenye theluji. Giza. Mwisho. Mlima wenye theluji! Sisi tuliujua mmoja tu, na tukiwa tunakata majani ya ng'ombe tulikuwa tunauona. Ule wa kwenye filamu ulikuwa na ncha kali na miti ya ajabu, wala haukufanana na Kibo, kilele chetu cha Kilimanjaro, hata kidogo, lakini nani alikuwa na muda wa kuangalia hayo. Tulitoka kwa Mangi tukikimbia, na tangu siku ile sikuthubutu kuutazama mlima jioni.

Ndipo tukaamua kutunga sehemu ya nne wenyewe, ili tuitume kwa wenye filamu. Anwani hatukuwa nayo, lakini Rozi alisema ukiandika "Amerika" posta watajua wenyewe. Tulikuwa na daftari moja, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Rozi alitunga zaidi yangu, mimi niliandika kwa sababu mwandiko wangu ulisifiwa darasani. Katika sehemu yetu ya nne Waazimaji walikuwa wamelala ndani ya barafu ya Kibo, wakiwasubiri wapagazi.

Kitu kikubwa kilikuwa namna ya kuwatambua, maana filamu za Wazungu zilitumia mashine na sisi hatukuwa na mashine. Rozi alisema Mwazimaji anajua kusema shikamoo lakini hajui kuitikia marahaba. Mimi nilisema hana harufu ya kwao. Baba alinuka mafuta ya taa na sufu mbichi kila aliposhuka, kwa sababu yeye ndiye alibeba majiko, na nilijua hakuna kiumbe wa nyota angeweza kuazima harufu ile. Alama ya tatu tulimwibia bibi yangu, mama yake baba, tuliyeishi naye.

Sale lilikuwa mipakani kote kwetu, mmea wa majani marefu ya kijani ambao mgeni anaweza kudhani ni ua la kawaida tu. Aliyekukosea akija kuomba radhi ameshika jani la sale, amelifunga fundo, huwezi kumfukuza. Nilimshuhudia Bibi akiletewa sale na mzee mmoja aliyesogeza mpaka wa shamba miaka mingi nyuma. Bibi alikuwa amemnunia mzee yule tangu kabla sijazaliwa, na alinuna kwa bidii. Alilitazama lile jani, akabana midomo, akalipokea, kisha akaagiza iletwe mbege, pombe yetu ya ndizi. Baadaye alituambia mimi na Rozi kwamba mtu mwenye akili zake hakatai sale. Tukatazamana. Nikaandika: Mwazimaji atakataa sale.

Kilichotugombanisha kilikuwa mwisho. Nilitaka baba yangu ndiye awe shujaa, Rozi naye akataka wake. Tukapatana kwamba wapagazi wawili wanapanda na wawili wanarudi, na Rozi akanifanya niape. Lakini alipovuka mfongo kwenda kwao, daftari lilibaki na mimi, na kalamu pia. Nikaona mwisho ule umepooza, hautishi. Nikaukata kwa mstari. Nikaandika mwingine: Walipanda wawili. Alirudi mmoja. Alikuwa na sura ya baba yangu, lakini hakuwa baba yangu.

Niliusoma mara tatu na nikajisifu sana. Siku mbili kabla ya hapo baba zetu walikuwa wamepanda.

Wangerudi Ijumaa. Alhamisi ilikuwa siku ya soko, mama na Bibi walikwenda kuuza ndizi, nikaachiwa ng'ombe na sufuria la maharage. Mchana ukungu ukashuka. Watu wa Marangu wanaujua ule ukungu unaoingia shambani bila sauti, unaona mgomba wa kwanza na wa pili, wa tatu huuoni. Nilikuwa nachochea moto nikasikia hatua za mtu kwenye njia yetu, hatua za kuburuta. Baba hakuburuta miguu hata siku moja. Nikangoja mluzi, kwa sababu siku zote walishuka pamoja na mluzi wa Baba Rozi ulitangulia. Hakuna mluzi.

Akatokea kwenye ukungu. Peke yake, na ilikuwa Alhamisi. Alikuwa amevaa koti jekundu la kigeni ambalo nilikuwa sijawahi kuliona. Uso wake ulikuwa ule wa baba, lakini umevimba, macho yamekuwa madogo na mekundu kabisa, midomo imepasuka. Alisimama uani akanitazama.

"Shikamoo, Baba," nikasema.

Alifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Akaufunga. Akafungua tena, ikatoka pumzi kavu tu, halafu akakaa kwenye kigogo tulichotumia kupasulia kuni.

Nilijilazimisha kusogea karibu, hatua moja, hatua mbili, nikanusa. Alinuka dawa. Alinuka sabuni ya watu wengine na ile dawa kali ya kuchua. Mafuta ya taa hayakuwepo, sufu haikuwepo. Miguu yangu ilitaka kukimbia, lakini nilikuwa nimeandika alama tatu na zilikuwa zimetimia mbili, na bado nilikuwa nampenda baba yangu kiasi cha kutaka ya tatu imwokoe. Nikaenda mpakani kinyumenyume, macho yangu yakiwa kwake, nikakata jani la sale, nikalifunga fundo kama nilivyoona, nikarudi. Nikamnyooshea kwa mikono miwili. Moyoni nilikuwa nasema, lipokee, lipokee, tafadhali lipokee.

Aliliona. Alirudi nyuma hadi akakaribia kudondoka kwenye kigogo.

"Nani amekutuma?" Sauti haikuwa yake, ilikwaruza.

"Hakuna."

"Liondoe, Ndeshi. Usinipe hilo. Liondoe!"

Nilipiga ukelele ambao nadhani ulimfanya ng'ombe aache kutafuna. Nikalitupa jani, nikaingia ndani, nikaweka komeo. Nikaingia chini ya kitanda cha Bibi.

Nimeogopa mara nyingi maishani, nimezaa, nimefiwa, lakini sijawahi kuogopa vile. Kiumbe kile kilikuja mlangoni. Kiligonga polepole. Kiliita jina langu, mara ya pili kikaliita lile jina la utani ambalo baba peke yake aliniita, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwa sababu ilimaanisha kimechukua hadi hilo. Kikasema, "Nipe maji, mwanangu." Kikasema tena, "Maji tu." Nilibana masikio. Niliwaza baba yangu wa kweli amelala kwenye barafu, na niliwaza ni mimi niliyemweka huko kwa kalamu yangu mwenyewe.

Basi nikalichukua daftari, nilikuwa nalificha palepale chini ya godoro. Kifutio sikuwa nacho. Nikalowesha kidole kwa mate nikasugua ile sentensi, nikasugua hadi karatasi ikatoboka. Pembeni ya tundu nikaandika: Walirudi wawili. Nikaandika tena: Walirudi wawili. Niliendelea kuandika hadi niliposikia sauti ya mama uani.

Mama hakupiga kelele. Nilipochungulia kwenye ufa nilimwona amepiga magoti mbele ya yule mtu, amemshikia jagi la maji mdomoni, Bibi amemshika kichwa kwa nyuma. Alikunywa jagi zima. Kisha akasema maneno machache ambayo sikuyasikia, na mama akaketi chini kwenye tope akiwa na nguo zake za sokoni. Ndipo nikafungua mlango. Hakuna aliyenigombeza. Afadhali wangenigombeza.

Baba akainama, akaokota lile jani langu kutoka chini, akalipangusa tope kwa mkono wa koti. Akaondoka nalo kuelekea mfongoni, mama na Bibi nyuma yake, mimi nimeng'ang'ania khanga ya Bibi. Mama Rozi alikuwa anachambua kahawa mlangoni kwao. Aliinua uso akamwona baba yuko peke yake, ameshika sale. Hakuna aliyekuwa amemwambia neno bado. Kahawa yote ilimwagika.

Baba alipiga magoti, jani mkononi. Mama Rozi hakulipokea. Alijifunika uso na khanga akaingia ndani, Bibi akamfuata. Rozi alibaki amesimama kwenye kizingiti. Hakumtazama baba yangu. Alikuwa ananitazama mimi.

Baba Rozi alikuwa amefia juu, kwenye njia ya kushuka, akiwa amebebwa. Kichwa kilianza kumuuma siku ya kwanza, na siku ya pili kikohozi. Baba alikuwa ametangulia kuleta habari huku wengine wakiushusha mwili. Njiani alianguka mtoni akalowa, wapagazi wenzake kwenye geti la hifadhi wakamvua nguo, wakampaka dawa, mgeni mmoja akampa koti lake. Sauti alikuwa ameimaliza huko juu akiita watu waje wasaidie. Hayo niliambiwa baada ya mazishi, kidogo kidogo, kama watoto wanavyoambiwa mambo. Kila alama yangu ilikuwa na sababu yake. Isipokuwa ile ya sale, ambayo hakuna aliyenieleza, na mimi sikuuliza.

Baba alimpelekea Mama Rozi sale tena wiki iliyofuata, jani bichi, akarudi nalo. Mara ya tatu, siku ya kumaliza msiba, mbele ya ukoo, Mama Rozi alilipokea.

Siku chache baadaye Rozi aliruka mfongo akaniuliza daftari liko wapi. Nikamwambia limeliwa na mbuzi. Kwetu hatukuwa na mbuzi, na Rozi alilijua hilo. Akaniuliza, "Uliandika nini mwishoni?" Nikasema niliacha vilevile, wanarudi wawili. Akasema sawa, akaruka mfongo kurudi kwao. Daftari nililichoma jikoni asubuhi ile baba aliporudi kazini, na moshi wake ulinitoa machozi ambayo kila mtu alidhani ni ya moshi. Kwa miaka mingi niliamini nimeua mtu. Hadi namaliza shule, insha zangu zote zilihusu mvua, ng'ombe na faida za kahawa. Mwalimu mmoja aliniuliza kwa nini kwenye insha zangu hamna watu. Nilimwambia siwapendi.

Baba sasa amestaafu mlima. Mwaka juzi, tumekaa wawili tunamenya ndizi za mtori, nilijikaza nikamuuliza kwa nini siku ile alikataa sale. Kisu kilisimama mkononi.

"Nilidhani habari imenitangulia," akasema. "Baba Rozi aliniambia usiku wa kwanza kwamba anaumwa. Nikamwambia anyamaze, kiongozi wa msafara akijua atamrudisha, na safari ijayo hatamchukua. Nikamwambia avumilie. Alinisikiliza, alikuwa ananisikiliza siku zote. Sasa nafika nyumbani, mtoto wangu mwenyewe ananiletea sale. Nikasema basi, hata watoto wanajua, wananipa jani nikaombe msamaha. Nikaogopa, mwanangu. Nililiogopa lile jani kuliko nilivyouogopa mlima." Akaendelea kumenya. "Na wewe ulikuwa na maana gani?"

Nikamweleza Waazimaji, na daftari, na mwisho wangu wa pili. Nilidhani atacheka. Alimenya hadi ndizi zikaisha.

"Rozi anajua?" akauliza.

"Hajui."

Akachukua sufuria akaenda kulijaza maji.

Kwa hiyo jioni ile Brayani aliponifuata jikoni kudai wazo lake, nilimwambia ukweli, kwamba niliwahi kutunga sehemu ya nne, na ilikuwa nzuri, ila tulikosea mahali pamoja. Tuliandika kwamba Mwazimaji atakataa sale. Mwazimaji asingekataa. Angelipokea bila wasiwasi wowote, pengine angeuliza kama linaliwa, kwa sababu kwake lingekuwa jani tu. Anayerudi nyuma akiliona ni mtu, tena mtu anayejua alichofanya. Kama ningelijua hilo nikiwa na miaka kumi, ningemfungulia baba yangu mlango na kumpa maji.

"Iko poa hiyo, Mama," Brayani akasema, na akarudi kwenye kochi kuwaambia wenzake. Nasikia wameituma.

Rozi anafanya kazi Arusha. Huwa tunapigiana simu sikukuu, tunaulizana habari za watoto na bei ya mchele, na ile siku ya daftari hatujawahi kuigusa. Nimemwomba aje Jumamosi hii, nikamwambia nina jambo. Jumapili iliyopita baada ya misa nilipanda Marangu, nikaenda mpakani kwetu, palepale, nikakata jani. Nimelifunga fundo. Liko juu ya friji siku ya nne sasa, limeanza kulegea, na kila ninapofungua friji kutoa maziwa naangalia pembeni.